Spana Tisa za Kombo

Kombo hakuzaliwa Kombo. Jina hilo alibandikwa na mafundi wa dizeli kwa sababu ya kazi yake ya kukunja spana, likamganda mpaka lile la utotoni likabaki kwenye vyeti tu. Spana iliyonyooka, ya dukani, inamfaa fundi hadi siku anapokutana na bolti iliyowekwa na mtu ambaye hakukumbuka kwamba binadamu ana kiwiko. Bolti hiyo imejificha nyuma ya pampu, chini ya bomba, imeugeuzia uso ukuta wa injini. Fundi anaigusa kwa ncha ya kidole, ilipo anapajua, lakini kuifungua hawezi. Viwandani zinatengenezwa spana maalumu za bolti kama hizo, ila katika mtaa ule wa gereji hakuna aliyewahi kuiona hata moja, isipokuwa kwenye picha. Basi watu walimwendea Kombo.

Kibanda chake kilikuwa mwisho wa mtaa, kimebanwa kati ya fundi wa rejeta na ukuta wa ghala. Ndani mlikuwa na jiko la mkaa lenye feni ya kuzungusha kwa mkono, fuawe ya kufulia iliyokuwa kipande cha reli, jiliwa moja kubwa la kubania chuma, na ndoo ya oili chafu. Fundi akija na maelezo marefu, Kombo alimkatisha. "Nipeleke nikaione." Akifika kwenye injini aliingiza mkono hadi begani, akafumba macho, akapapasa.

"Kombo, unaitibu au unaikanda?" mafundi walimtania.

"Naisalimia. Utamfunguaje mtu ambaye hujamsalimia?"

Kisha alichukua waya laini, akaupenyeza mle ndani, akaukunja kufuata njia ya mkono, akautoa polepole kama mtu anayemtoa mtoto usingizini. Waya huo ndio uliokuwa kipimo chake. Chuma alikipata kwenye springi za malori zilizokatika. Alikichoma, akakifua, akakikunja kingali chekundu, akakichonga mdomo kwa tupa, akagonga vitone viwili kwenye mpini, alama yake. Mwisho alikichoma tena na kukizamisha kwenye oili ili kipate ugumu.

Mwisho wenyewe, lakini, haukuwa huo. "Chuma kikitoka kwenye oili kina hasira," alipenda kusema. "Ni kigumu, lakini hakivumilii. Ukikiudhi, kinakuvunjikia mkononi. Lazima ukibembeleze." Kubembeleza maana yake ilikuwa kukirudisha juu ya moto mdogo, kukitazama bila kupepesa mpaka kigeuke rangi ya shingo ya njiwa, kisha kukiacha kipoe chenyewe. Kazi hiyo haikuwa na jasho. Ilitaka mtu akae tu na kutazama. Mtu asiyeijua angeiona spana iliyobembelezwa na ile ambayo haikubembelezwa akaapa kuwa ni mapacha.

Alikuwa na mke, watoto wawili waliokwisha kuhama, na mdogo wake mmoja wa kike, mshonaji, ambaye Kombo ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki. Dada huyo aliolewa na fundi wa pampu na nozeli, vile vijidomo vinavyonyunyiza dizeli ndani ya injini, mtu wa vichekesho, aliyeitwa Nozeli gereji zote. Wawili hao walionana kibandani kwa Kombo, siku ambazo dada alimletea kaka yake chakula cha mchana. Mwaka waliokutana, Nozeli aliagiza spana nane. Injini zake zilihitaji mbili.

"Shemeji," Kombo alimwambia baadaye, "ungesema tu mapema, ningekupa dada nikabaki na springi zangu."

Waliishi hivyo, jirani kwa jirani. Jumapili Kombo na mkewe walikula kwa mshonaji, na Nozeli hakukosa kusimulia jinsi spana za shemeji yake zilivyomwokoa juma lile.

Mwaka mmoja yakaingia malori ya aina mpya, yenye injini ndefu, na pampu yake ilishikiliwa na bolti nne. Tatu zilikuwa wazi, ya nne ilikuwa balaa. Mafundi waliing'ang'ania kwa patasi wakaharibu vichwa vya bolti, wakatukana, wakaishia mlangoni kwa Kombo. Akaingiza mkono, akapima kwa waya, akasema itahitaji mpini wenye makunjo matatu. Walioitaka walikuwa tisa, Nozeli akiwa mmoja wao. Akaamua kuzifua zote kwa pamoja.

Juma hilohilo mama yake alilazwa. Wagonjwa waliruhusiwa kuonwa saa kumi jioni, na hospitali ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Siku ya nne, ilipofika saa tisa, spana zote tisa zilikuwa zimekwisha kufuliwa, kuchongwa na kugongwa vitone. Akazichoma, akazizamisha kwenye oili mojamoja, akazipanga juu ya meza zikichuruzika. Akatazama jiko, akatazama jua. Kuzibembeleza tisa kulitaka muda wa kutosha. "Kesho asubuhi," alisema kwa sauti, kana kwamba anaziahidi. Akafunga mlango, akaondoka.

Alimkuta mama akipumua kwa shida, akaukamata mkono wake, na hakuuachia hadi ulipopoa. Kesho yake ikawa ya msiba, na keshokutwa, na juma zima lililofuata.

Katikati ya juma hilo mafundi walianza kuulizana kwa kunong'ona, maana malori yalikuwa yamelala na wenyewe wanafoka. Nozeli akawaonea huruma, akamwonea huruma pia shemeji yake. Akamfuata mke wa Kombo jikoni, akamwomba ufunguo wa kibanda. Akazikuta spana mezani, nyeusi, safi, zimekamilika kwa macho yake. Akazifuta oili, akawagawia wenyewe, moja akabaki nayo.

Kombo aliporudi kazini alikuta meza tupu. Alisimama mbele yake, bado kofia ikiwa kichwani. Nozeli akachungulia mlangoni, amekunjua uso wote.

"Usihangaike, shemeji. Zile spana nimezishughulikia. Kila mtu ana yake, na zinafungua kama siagi!"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini mtu yule alikuwa amebeba jeneza la mama yake upande wa mbele, alikuwa amepokea wageni, alikuwa amechota maji, na sasa anasimama pale akisubiri ahsante. Kumwambia, "Umegawa vyuma vyenye hasira," kungekuwa kumtia aibu. Na kwenda kwa mafundi tisa kuwaambia kwamba kazi ya Kombo haikuisha, hiyo nayo ilikuwa aibu, ya kwake.

"Ahsante, shemeji," alisema.

Akajipa juma moja aone. Hakuna iliyovunjika. Akajipa mwezi. Mafundi walimsifu njiani, naye akaitikia kwa kichwa. Mara ya kwanza kunyamaza kulimwuma, mara ya kumi kukawa kama kiatu kilichokwisha kuchukua umbo la mguu. Usiku alilala. Mchana, kila alipoona lori la aina ile limeinuliwa boneti, alipitia upande wa pili wa barabara.

Miezi saba ilipita. Asubuhi moja, yapata saa nne, fundi wa rejeta alikuja mbio, mikono inatiririka maji. "Kombo! Shemeji yako!"

Alimkuta Nozeli ameketi chini, amejiegemeza kwenye gurudumu la lori, kitambaa usoni, na kitambaa chote kikiwa chekundu. Hakuwa akilia. Alikuwa akirudia tu, "Niliivuta kidogo. Niliivuta kidogo tu." Bolti ya nne ilikuwa imeganda kwa kutu, naye alikuwa ameuingiza uso ndani aione vizuri. Spana ilikatika kwenye kunjo la pili, na kibanzi kisichozidi punje ya mchele kikaruka kikamwingia jicho la kulia.

Wakati wengine wanatafuta gari la kumpeleka hospitali, Kombo aliinama, akaokota nusu ya spana iliyokuwa sakafuni. Akaigeuza kwenye mwanga. Mahali ilipokatika chembe zilikuwa kubwa, zinametameta kama chumvi ya mawe. Hakuhitaji kuulizwa wala kuambiwa. Akaitia mfukoni.

Jicho halikupona. Daktari alilitoa siku ya pili. Kombo alipoingia wodini, dada yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimlisha mumewe uji kwa kijiko, na mumewe akijitahidi kuchekesha.

"Shemeji, kwani nimepoteza nini? Miaka yote nilikuwa nafumba jicho moja ili nione matundu ya nozeli. Sasa nimepumzishwa kazi ya kufumba."

Dada hakucheka. Aliinuka akamshika kaka yake mkono. "Ahsante kwa kuja, kaka. Watu wanasema hiyo bolti ilikuwa na kutu nzito. Ajali haina kinga."

"Spana yake ilikuwa nzuri," Nozeli alisema kutoka kitandani. "Chuma nacho kina siku yake. Msije mkamlaumu mtu."

Kombo alifungua kinywa. Mhudumu akapita na kigari cha dawa, magurudumu yakilia, na kigari kilipokwisha kupita kinywa kilikuwa kimefunga.

Lakini njiani kurudi alianza kuhesabu kwa vidole. Tisa, toa moja. Nyuso nane zilikuwa zinaingia ndani ya injini kila siku, kila moja na macho mawili. Asubuhi iliyofuata hakuwasha jiko. Alitia nyaya zake za kipimo kwenye mfuko, akaanza kupita gereji hadi gereji.

"Nimepata chuma bora zaidi," aliwaambia. "Nirudishie ile, nikufulie nyingine."

"Bure?"

"Bure."

"Mwenye kutoa bure ana lake jambo," mmoja alisema akicheka, lakini akaitoa. Watano walizitoa bila maneno mengi. Jioni Kombo alizibana kwenye jiliwa mojamoja, akazipiga nyundo. Tatu zilikatika pigo la kwanza, mbili pigo la pili. Alikaa juu ya fuawe, vipande kumi miguuni pake, mpaka mkewe akaja kumwita kula.

Ya sita ilikuwa kwa fundi mzee aliyeitwa Taratibu, kwa vile hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha hata kuvuka barabara. Taratibu alimsikiliza hadi mwisho huku akipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine.

"Chuma bora," alirudia. "Kombo, mimi ni nyani mzee, nimekwepa mishale mingi. Spana yangu inafungua. Kwa nini niitoe?"

"Mzee, nakuomba tu."

"Mtu anayezunguka kukusanya alichouza, ama amepoteza pete ndani yake, ama anajua jambo. Pete huna."

Gereji nzima ilikuwa ikisikiliza. Kombo aliangalia sakafu, oili imechora ramani ya nchi isiyokuwapo. Akasema yote, kwa sauti ndogo, bila kumeza neno isipokuwa moja: hakusema ni nani aliyefungua kibanda akazigawa. Alisema tu kwamba ziligawiwa kabla hazijaisha, kwamba alijua, na kwamba alinyamaza.

Taratibu aliweka kitambaa chini. Alichukua spana yake kwenye sanduku, akaibana kwenye jiliwa lake mwenyewe, akaipiga. Ikalia kama kigae. Kipande kikaviringika hadi chini ya benchi.

"Jana," mzee alisema, akaweka kiganja kama upana wa shibiri kutoka puani kwake, "uso wangu ulikuwa hapa."

"Nisamehe, mzee."

"Mimi nina macho mawili. Kamwombe mwenye moja."

Kombo aliazimu kwenda kesho yake. Aliwaza maneno usiku kucha, akayapanga, akayapangua. Lakini gereji haina pazia. Kabla hajafunga vifungo vya shati, dada yake alikuwa mlangoni, utepe wa kupimia nguo ungali shingoni. Hakusalimu wala hakuketi.

"Kaka, kuna maneno nimeyasikia dukani. Nimekuja uyakanushe."

Kombo hakuyakanusha.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Tangu msiba wa mama?"

"Tangu msiba wa mama."

Dada alihesabu, midomo ikicheza bila sauti. "Miezi saba. Kila Jumapili unakula kwangu. Unamwona anazitia spana kwenye begi lake, unamwambia kazi njema."

"Nilidhani, kwa kuwa hakuna iliyovunjika..."

"Ulidhani." Alivuta utepe shingoni akauzungusha mkononi, akaukaza mpaka vidole vikawa vyeupe. "Nilipokuwa mdogo najifunza kushona, nani aliniambia kwamba sindano ikivunjika kwenye nguo ya mtu, usilale mpaka uione ncha yake? Nani?"

"Mimi."

"Na zilitokaje mlangoni kwako hazijaisha? Nani aliwapa watu?"

Mke wa Kombo alikuwa amesimama nyuma ya pazia la chumbani, na Kombo alisikia pumzi yake ikikatika. Jibu lilikuwa fupi na lilikuwa kweli. Lingeugawa mzigo mara mbili palepale. Alimtazama dada yake, akamwona jinsi alivyokonda kwa siku zile chache, akawaza kitanda cha hospitali, kijiko cha uji.

"Zilitoka kwangu," alisema. "Alama ni yangu."

Dada aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa chenji sahihi. "Mume wangu amelala pale anakutetea. Wodi nzima inajua spana zako ni nzuri." Akageuka. Mlangoni akasema, bila kuangalia nyuma, "Jumapili msije."

Mkewe alitoka chumbani. "Kwa nini hukumwambia? Mimi ndiye niliyetoa ufunguo. Mumewe ndiye..."

"Hakujua. Asiyejua hana kosa."

"Na wewe ukae na lawama zote?"

"Mimi nilijua, mke wangu. Ufunguo haukuvunja kitu."

Mkewe aliheshimu neno lake, lakini tangu siku ile akawa mwanamke wa maneno machache. Chakula kiliwekwa mezani, maji ya kuoga yaliwekwa, na kimya kikawekwa pamoja navyo.

Nozeli alipotoka hospitali, alikuja kibandani peke yake, kitambaa cheupe kimefunika tundu la jicho. Alijigonga bega kwenye mwimo wa mlango, akacheka kidogo, akasahau kuendelea kucheka.

"Hukumwambia."

"Sikumwambia."

Nozeli alichezea kipande cha waya. "Nilipolala kule nikasikia, nilijiuliza nilifungua mlango wa mtu kwa nini. Nilitaka kukusaidia, shemeji."

"Najua."

"Nitamwambia mwenyewe. Ila si sasa." Sauti yake ilishuka. "Sasa hivi ananivisha shati. Ananikatia nyama kwenye sahani kwa sababu kisu kinanipotea. Na akifanya hivyo anamlaani aliyezitoa spana. Kila siku, shemeji. Kila siku anamlaani, na mimi nimekaa mbele yake natafuna."

Kombo aliusogeza mkaa kwa koleo ingawa haukuhitaji kusogezwa. "Basi usimwambie."

"Nusu ni yangu."

"Mzigo huu hauna nusu. Nenda nyumbani."

Nozeli alikwenda nyumbani, na hakumwambia mkewe, si mwezi ule, si mwaka ule.

Zilibaki spana mbili. Ya saba ilikuwa ya fundi aliyefariki kwa homa miezi miwili kabla, bila habari kumfikia Kombo. Mjane wake alimpokea Kombo uani, akamtolea sanduku la zana lililofungwa kwa kamba. "Tafuta mwenyewe, baba. Mimi sijui spana na kijiko." Kombo aliipata chini kabisa, imefungwa peke yake kwenye kipande cha fulana, jinsi mtu anavyofunga kitu cha thamani.

"Hiyo aliipenda sana," mjane alisema. "Ilikuwa nzuri, eh?"

Kombo angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angeumia. "Hapana, mama. Ilikuwa mbovu. Nashukuru tu haikumvunjikia."

Mwanamke alishika kamba ya sanduku. "Aliisifia," alisema, kana kwamba Kombo amemnyang'anya kitu zaidi ya spana. Akafunga sanduku.

Ya nane ilikuwa imekwisha kusafiri. Fundi aliyepewa alikuwa amempa dereva wa lori la mawe, rafiki yake. Kombo alipanda lori jingine, akakaa juu ya shehena siku mbili, akamfikia dereva huyo, naye akasema alikwisha kuacha lile gari, spana aliiacha chini ya kiti. Akafuata gari. Akaambiwa liliuzwa likiwa bovu kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Kwenye uwanja, msimamizi alimwonyesha mlima wa mabati na chesisi.

"Lile lori tulilikata mwezi uliopita. Mengine yamekwenda kuyeyushwa, mengine hayo hapo. Kiti chenyewe alikichukua nani, sijui. Unatafuta nini?"

"Spana."

"Spana moja?" Msimamizi alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, akamwachia.

Kombo alichimbua mlima ule kutwa nzima, akachanika viganja, akapata spana nyingi za watu wengi, zilizonyooka zote. Ya kwake hakuipata. Huenda iliyeyuka. Huenda fundi fulani mahali fulani anayo mkononi, akiisifu. Kombo hakuwahi kujua. Kwa miaka iliyofuata, kila dereva mgeni aliyepita mtaani alisikia swali lilelile: umewahi kuona spana yenye makunjo matatu na vitone viwili mpinini? Wengine walidhani ni mzee aliyeanza kuchanganyikiwa.

Nozeli alijaribu kurudi kazini. Alikaa kwenye benchi lake, akachukua nozeli, akaiinua kwenye mwanga, na bisibisi ikatua pembeni ya skrubu, ikatua tena pembeni. Jicho moja linaona, lakini halijui mbali na karibu. Matundu ya nozeli ni membamba kuliko unywele, hayawezi kusubiri mtu ajifunze kuona upya. Baada ya miezi mitatu aliuza zana zake kwa mafundi walewale waliokuwa wakimpelekea kazi, akawa mlinzi wa geti kwenye bohari ya mbao. Vichekesho vyake vilimalizika polepole, kama mafuta kwenye tangi lenye ufa. Watu waliendelea kumwita Nozeli, naye akawa anawaambia wasimwite hivyo.

Na Kombo? Mwanzoni wateja walimkimbia. Kisha wakarudi, kwa sababu bolti zilikuwa zingali zimejificha na hakuna mwingine aliyejua kukunja. Lakini walirudi kivingine. Hawakumtania tena kama anaitibu injini au anaikanda. Alipomaliza spana, yeye mwenyewe aliibana kwenye jiliwa mbele ya mteja, akaipiga nyundo mara tatu, ndipo akaitoa. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo, na hakuna aliyemwambia aache. Hakufua tena zaidi ya spana moja kwa siku. Alikaa mbele ya moto mdogo akiitazama, na kama mtu alimsemesha wakati huo, hakujibu.

Mwaka wa tatu, mchana mmoja wa kiangazi, dada yake alisimama mlangoni. Cherehani yake kubwa ilikuwa imekwama. Kulikuwa na nati ndani, chini ya mhimili, na mafundi wawili walikwisha kumwambia kwamba nati ile haifunguki bila spana ya kukunjwa, na kwamba spana ya kukunjwa ni kwa mtu mmoja tu. Alikuwa ameileta cherehani kwenye mkokoteni. Mvi zilikuwa zimemwanza pembeni mwa kichwa, vilevile zilivyomwanza mama yao.

Kombo aliinuka haraka hata akaangusha koleo. "Karibu. Karibu ndani, kaa."

"Habari za kazi, fundi," dada alisema.

Kombo alisubiri, labda neno jingine litafuata. Halikufuata. "Salama," aliitika.

Dada alikaa nje, kwenye benchi la wateja, amempa mgongo. Kombo aliingiza vidole kwenye cherehani, akapapasa, akapima kwa waya. Akawasha jiko. Akafua kipande kidogo cha chuma, akakikunja, akakichonga, akakizamisha kwenye oili. Kisha akapunguza moto, akakaa. Alikitazama mpaka macho yakamtoka maji, na kilipogeuka rangi akakiacha kipoe chenyewe, bila kukiharakisha, wakati yule aliyekuwa nje haulizi kitu na haondoki.

Nati ikafunguka. Cherehani ikazunguka. Kombo akamkabidhi spana ile ndogo. "Uwe nayo. Itakufaa siku nyingine."

Dada aliipokea, akaigeuza, akaviona vitone viwili. Akamrudishia.

"Ipige kwanza," alisema.

Kombo akaibana kwenye jiliwa. Akapiga mara moja. Akapiga mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Ya tatu aliipiga kwa mikono miwili, na meza yote ikaruka. Spana ilibaki nzima.

Dada akaichukua, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia mkobani. "Ahsante, fundi." Akashika mkokoteni, akausukuma kuelekea barabarani, akikwepa mashimo, bila kugeuka. Kombo alisimama mlangoni mpaka mteja mwingine, ambaye alikuwa amesubiri kwenye benchi lilelile, alipokohoa na kumwuliza kama anaweza kuja kuiangalia pampu yake.

"Nipeleke," alisema Kombo, akaenda kutafuta waya.